Bomba la ekzosi la ndege-mfano: usiusingizie mwinuko wa Nairobi

"Nairobi iko juu, hewa ni nyepesi, kwa hiyo bomba lazima likatwe."

Dhana hii imeharibu mabomba mazuri. Ni kweli jiji liko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Lakini kwenye injini ya mipigo miwili, kazi ya bomba ni kuwahi wakati. Mlango wa ekzosi ukifunguka, wimbi hukimbia hadi pale bomba linapoanza kusinyaa, likagonga na kurudi. Likifika kabla tu pistoni haijaziba mlango, hurudisha ndani ya silinda mchanganyiko mbichi wa hewa na mafuta uliokuwa ukitoroka. Injini ikienda mizunguko 12,000 kwa dakika na mlango ukiwa wazi kwa digrii 150, safari hiyo yote ina milisekunde 2 hivi. Kasi ya wimbi hutegemea joto la gesi, wala si wepesi wa hewa.

Tena, hewa nyepesi huipunguzia injini nguvu na papo hapo huipunguzia propela mzigo, hivyo mizunguko hubaki karibu ileile. Kinachopungua ni msukumo. Aliyeleta ndege kutoka pwani aanze na sindano ya kabureta, ile inayopima mafuta: hewa imepungua, mafuta hayakupungua, na mchanganyiko umekuwa mzito. Mchanganyiko mzito hupoza gesi, wimbi likachelewa, bomba likafanya kazi kana kwamba limerefushwa. Ukilikata hapo, unaliadhibu kwa kosa la sindano.

"Bomba refu lina nguvu zaidi."

Bomba refu huleta nguvu kwenye mizunguko ya chini, fupi kwenye ya juu. Chagua propela kwanza, kisha urefu uifuate.

"Takometa, kile kipimo cha mizunguko, ikisoma vizuri ardhini, kazi imekwisha."

Hapa ndipo ninapowasihi wenzangu wawe na subira. Ndege ikishika mwendo, mzigo wa propela hupungua na mizunguko hupanda. Bomba lililolingana barabara ukiwa umeishikilia ndege chini huwa limeshapitwa angani. Anza na shingo ndefu, yaani kipande kinachounga bomba na injini, punguza milimita chache tu, rusha, sikiliza. Bomba likishika, yaani wimbi likiwahi wakati wake, sauti hupanda ghafla na kukaza. Fundi wa jua kali pale Kamukunji atakukatia aluminiamu safi kabisa, ila mpe kipimo mwenyewe, kuanzia plagi hadi sehemu pana zaidi ya bomba. Usimwachie akadirie kwa macho, maana kilichokatwa hakirudi.

"Kelele ndiyo nguvu."

Hapana. Bomba lililopimwa vizuri lenye kizuia sauti mwishoni hutoa nguvu nyingi kuliko mlango ulioachwa wazi, na majirani wa uwanja hawatakufukuza.

"Kila injini inalihitaji."

Ya mipigo minne ina vali zinazofunga zenyewe, kwa hiyo haingoji wimbi liirudishie mchanganyiko. Iachie ekzosi yake ya kawaida.