Jora haliombwi

Nikiletewa daftari la biashara ya mwanamke nilikague, sianzi na faida. Natafuta mistari mikavu: hela imetoka, haijaandikwa imeenda wapi. Ukiuliza kwa upole utaambiwa ni ada ya mdogo wake, au baba watoto alipungukiwa kwenye kazi yake, au mama mkwe aliugua.

Mistari hiyo iliwahi kuwapoteza hata watafiti. Nchini Sri Lanka, wenye biashara ndogo waligawiwa ruzuku kwa kura. Faida za wanaume zilipanda. Za wanawake, kwa wastani, zikabaki palepale. Wapo waliokimbilia kusema wanawake hawajui kukuza mtaji. Mwaka 2019 watafiti wengine walizipitia upya takwimu hizo, pamoja na za India na Ghana, wakauliza swali ambalo mke yeyote angeliuliza siku ya kwanza: nyumbani kuna biashara nyingine? Kumbe penye biashara ya mume, sehemu ya hela ya mke ilihamia huko. Mwanamke alipokuwa peke yake mwenye biashara katika kaya, pengo lile halikuonekana.

Nami nilishaingia mtego huohuo. Fundi cherehani mmoja alikuwa na majora matano ya kitambaa rafuni, matatu hayajafunguliwa kwa miezi. Nikamwambia huo ni mtaji uliolala, auze arudishe mzunguko. Akacheka. "Dada, hela ikionekana inaombwa. Jora nani ataliomba?" Kumnyima kaka yake kungemgharimu kuliko kitambaa kukaa, maana kaka huyo ndiye atakayemkimbilia mambo yakiharibika. Kwa hiyo hakumnyima. Alihakikisha tu hana cha kuombwa.

Mahali pa kufichia pana uzito kuliko semina nyingi za ujasiriamali (zikiwemo zangu). Uganda, mikopo ya wanawake ilipoingizwa kwenye akaunti ya simu badala ya kukabidhiwa taslimu, faida ilipanda kwa takriban asilimia 15, na walionufaika zaidi ni wale waliokuwa wakibanwa nyumbani.

Siku hizi, kabla ya hesabu yoyote, nauliza ni nani hupita dukani siku ya mauzo mazuri. Yule fundi alihesabu kwa vidole, mkono wa kwanza ukaisha. Wawili kati ya hao ndio humshikia duka mtoto akiugua.