Roboti ndogo za sumaku na dawa za saratani: maswali na majibu

Hizi roboti zina mikono na miguu?

Hapana. Nyingine ni punje tu ya jeli yenye dawa na chembechembe za oksidi ya chuma. Haina injini wala betri. Inasukumwa na kugeuzwa na sumaku zilizo nje ya mwili, ili ipeleke dawa kwenye uvimbe wa saratani.

Si dripu ipo?

Ipo, na imeokoa wengi. Lakini dawa ya dripu huzunguka mwili mzima na kushambulia seli zinazogawanyika haraka popote zilipo: za uvimbe, za mizizi ya nywele, za utumbo, za uboho. Aliyewahi kumuuguza mtu anayetumia dawa hizi anajua beseni la kando ya kitanda na uji unaorudi kabla haujatulia tumboni. Dawa ikifikishwa kwenye uvimbe wenyewe, huenda kiasi kidogo kikatosha.

Kuna mahali dripu haifiki vizuri?

Ndiyo, na kwangu hii ndiyo sababu kubwa ya utafiti huu. Uvimbe hukua upesi kuliko mishipa ya damu inayoulisha, hivyo katikati yake hubaki sehemu zenye oksijeni kidogo. Dawa huzifikia kwa shida, na hata mionzi hupungua makali pasipo na oksijeni. Seli zikisalimika humo, saratani inaweza kurudi.

Kundi la Sylvain Martel wa Polytechnique Montréal, Kanada, halikutumia punje ya jeli bali bakteria wa baharini aitwaye *Magnetococcus marinus*. Ndani ya mwili wake ana mnyororo wa vipande vya sumaku, na kwa asili hutafuta penye oksijeni kidogo. Kila mmoja alibebeshwa vifuko vya dawa vipatavyo 70. Bakteria hao walidungwa karibu na uvimbe wa panya, wakaelekezwa kwa sumaku, kisha silika yao ikawaingiza ndani. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016: hadi asilimia 55 yao walifika kwenye sehemu hizo.

Daktari ataionaje ikiwa ndani ya mshipa?

Watafiti wa ETH Zürich, Uswisi, walitia tantali, aina ya metali, ndani ya punje yao ya jeli ili ionekane kwenye eksirei. Ikifika, uga wa sumaku unaobadilika kasi huzipasha joto chembechembe za chuma, jeli huyeyuka, dawa hutoka. Mwaka 2025 walieleza jinsi walivyoiongoza ndani ya nguruwe na kondoo.

Naweza kuipata hospitalini?

Bado. Si tiba ya kawaida ya saratani popote. Panya ni mdogo, na nguvu ya sumaku hufifia haraka kadiri unavyosogea mbali nayo. Kuufikia uvimbe ulio ndani kabisa ya mwili wa mtu mzima ni kazi nzito zaidi.

Bangili na magodoro ya sumaku je?

Hayahusiani kabisa. Hayabebi dawa wala hayatibu saratani, tafadhali usiyape pesa yako. Umepangiwa upasuaji, mionzi au dripu? Nenda siku uliyopewa. Kichefuchefu kikikuzidi, usiache matibabu kimyakimya. Mwambie daktari au muuguzi, maana dawa za kukituliza zipo.