Karensi pointi si maksi za shule, tafadhali someni vizuri

Siku hizi wanakuja watu ofisini kwetu wamekunja karatasi ya kesi mfukoni, wengine wamenuna wengine wanacheka, na wengi hawajaielewa. Juzi kaingia mzee mmoja anacheka kabisa, eti ameona kosa lake faini yake haizidi karensi pointi 24, kile kipimo ambacho sheria zetu za Uganda zinatumia kuandika faini, basi kabeba elfu 24 na ya soda imebaki. Nikamwambia mzee wangu, keti kwanza.

Hesabu ni hii: karensi pointi moja ni shilingi 20,000. Pointi 24 ni 480,000. Pointi 48, ambazo utaziona kwenye sheria ya mwaka 2010 ya ukatili wa nyumbani pamoja na kifungo kisichozidi miaka miwili, ni 960,000, na hapo hakimu anaweza kukupa faini, au kifungo, au vyote viwili.

Naelewa neno lenyewe linachanganya. Mtoto wa S.6, kidato cha mwisho cha sekondari, akirudi na pointi 20 mnachinja kuku, maana hakuna zaidi ya hapo, A moja ni 6, ukichukua tatu ni 18, na zile mbili zinatoka kwa masomo madogo. Timu ikishinda inapata pointi 3. Nesi anakuambia sukari yako ni saba pointi mbili, hapo ni desimali tu. Kampuni ya simu nayo inakupa pointi za bonasi. Sasa ukija mahakamani na akili ya bonasi, utalia! Kote huko pointi nyingi ni furaha, kwetu hapana.

Kuna wanaouliza kwa nini wasiandike shilingi tu. Shilingi inashuka thamani jamani. Faini iliyoandikwa miaka mingi nyuma ilifika mahali haitoshi hata chapati, ndio maana mwaka 2008 ikatungwa sheria ya kubadilisha faini za zamani ziwe karensi pointi. Thamani ya pointi inakaa kwenye jedwali nyuma ya sheria, na kwenye sheria nyingi Waziri anaweza kuibadilisha kwa idhini ya Baraza la Mawaziri, bila Bunge kufungua kila kifungu upya. Kwa hiyo usikariri 20,000 kama tarehe ya kuzaliwa, angalia jedwali.

Halafu neno "isiyozidi". Hili linanichosha, nasema ukweli. Isiyozidi ni dari, sio bei ya sokoni. Hakimu anaweza kukupa chini ya hapo akiangalia kosa, kama ni mara ya kwanza, na unavyojitetea, kwa hiyo usikimbie kuuza mbuzi kabla hujasikia hukumu.

Na wenyeviti wa LC1, yaani baraza la kijiji, heshima yenu iko palepale, lakini pointi 100 za kwenye sheria ya mahakama za LC ya mwaka 2006 sio ruhusa ya kupiga watu faini ya milioni mbili. Hizo ni ukubwa wa kesi mnayoweza kusikiliza, kama deni au mali iliyoharibiwa. Mtu akidaiwa milioni tatu, mpelekeni kwa hakimu. Kesi za ardhi ya kimila hazina huo mpaka, na hapo ndipo fujo nyingi zinaanzia, ila hiyo ni habari ya siku nyingine.

Ukishahukumiwa faini, unachukua PRN, ile namba ya malipo ya URA, mamlaka ya mapato, unalipa benki au kwa mobile money, unarudi na risiti kwa karani ili iingie kwenye faili, na kopi unabaki nayo. Usimpe mtu keshi mkononi, hata akiwa amevaa tai, hata akisema anakusaidia foleni. Kama huna zote siku hiyo, omba muda hapohapo mbele ya hakimu, usinyamaze halafu ukatoroka, maana faini isiyolipwa inageuka kifungo. Hukuridhika na hukumu? Notisi ya rufaa ni ndani ya siku 14, na zinahesabiwa kutoka siku ya hukumu, sio kutoka siku jirani alipokushauri.

Yule mzee alirudi kesho yake na karatasi nyingine, safari hii ya kijana wake, anauliza kama pointi 10 ni elfu kumi.