Sumukuvu haifi kwa moto, na cheti hakiiondoi

Nimeulizwa tena. Safari hii ni kwenye kundi la WhatsApp la wasindikaji wa unga wa lishe, watu ambao riziki yao ni mahindi na karanga: "Mtaalamu, lakini uji si unachemka? Sumukuvu si inakufa?" Vikamiminika vidole gumba vya kuunga mkono, na mmoja akaongeza kwamba bibi yake alikula mahindi yenye ukungu na bado akafikisha miaka tisini. Basi naandika hapa mara moja. Nikiulizwa tena natuma kiungo, naendelea na kazi.

Sumukuvu haifi kwa sababu haijawahi kuwa hai. Kilicho hai ni kuvu, Aspergillus flavus na nduguye A. parasiticus, na hao ukiwachemsha wanakufa kweli. Lakini walichokwisha kukiacha ndani ya punje ni kemikali, aflatoksini, na ndizo ninazoziita sumukuvu hapa. Aflatoksini B1, ambayo ndiyo kali kuliko zote, inayeyuka kwenye nyuzi joto 268 hivi. Maji ya ugali yanachemka kwenye 100. Hesabu imeisha. Kukaanga karanga kunapunguza kiasi fulani, ndiyo, lakini kinachobaki bado ni kingi, na uji haukaangwi.

Mtu makini zaidi ataniuliza kuhusu majivu, magadi au chokaa. Swali zuri, na jibu lake halipendezi. Wamexico huchemsha mahindi kwa chokaa, na vipimo vinaonyesha sumu imeshuka sana. Tatizo ni kwamba alkali inafungua pete moja ya molekuli, kipimo chetu hakiioni tena, tunashangilia. Kisha molekuli hiyo ikikutana na asidi, sehemu yake inajifunga upya. Na tumboni kuna asidi. Kinarudi kiasi gani? Tafiti hazipatani, kwa hiyo simwambii mtu yeyote kwamba majivu yamemwokoa.

Kukoboa ni habari nyingine, kunasaidia kweli, kwa sababu sumu nyingi imekaa kwenye ganda na kiini. Wakamba wanaotwanga muthokoi wanapunguza sumu bila kuhitaji semina yangu. Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wa lishe. Wao wanahubiri dona, na wana haki, maana vitamini nyingi ziko huko huko kwenye kiini. Mimi nauliza: dona ya mahindi gani? Mahindi makavu yaliyochambuliwa, kula dona. Mahindi usiyoyajua yalikotoka, ningekula sembe. Sijaona kipeperushi chochote cha afya kinachothubutu kuandika hivyo. Na usisahau kwamba pumba haipotei, inakwenda kwa ng'ombe. Ng'ombe anaigeuza B1 kuwa M1, sumu ya ukoo ule ule, na asilimia moja au mbili ya alichokula inatokea kwenye maziwa. Kwa ng'ombe wanaokamuliwa sana hufika hadi sita.

Haya, sasa kinachonikera kweli. Si moto. Moto ni kutojua tu, mtu ukimweleza anaelewa. Kinachonikera ni cheti.

Tangu Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kisha ikayafungulia siku chache baadaye kwa sharti la cheti kinachoonyesha sumukuvu chini ya ppb 10 (ppb moja ni maikrogramu moja ya sumu kwa kilo), kila mfanyabiashara wa nafaka anajua neno ppb. Ni maendeleo. Lakini mtu anakuja maabara na mfuko mweusi wenye kilo moja ya karanga, amezichota juu ya gunia lililo karibu na mlango, gari zima liko nje. "Nipimie hizi, nahitaji jibu leo." Jibu anapata. Haijalishi limetoka kwenye HPLC, mashine ya kupimia ya mamilioni, namba ile inazungumzia mfuko mweusi tu.

Watu wanadhani sumukuvu imekaa kama chumvi kwenye mchuzi, kwamba ukionja kijiko kimoja umelijua sufuria zima. Haiko hivyo. Kuvu inashambulia punje moja moja: iliyotobolewa na mdudu, iliyopasuka kwa ukame, iliyokaa chini ya ganda lenye unyevu. Punje ya jirani yake inaweza kuwa safi kabisa. Na ile iliyoshambuliwa haishambuliwi kidogo. Imewahi kupimwa punje moja ya karanga ikakutwa na zaidi ya ppb 1,000,000.

Tufanye hesabu, tafadhali usiiruke. Punje hiyo ina uzito wa nusu gramu. Kwa ppb milioni moja, imebeba maikrogramu 500 za sumu. Itupe kwenye gunia la kilo 50 la karanga safi kabisa, na gunia zima sasa lina wastani wa ppb 10, yaani limesimama juu ya mstari wa kiwango cha Afrika Mashariki. Punje moja kati ya punje laki moja. Sasa chota kilo moja uniletee. Uwezekano wa kuikamata punje ile ni mmoja kati ya hamsini. Ukiikosa, nakupa cheti cha sifuri. Ukiikamata, nakuandikia 500, unaniita mwongo, unataka kumwona bosi wangu. Jibu sahihi la gunia ni 10, na hakuna sampuli hata moja kati ya hizo ambayo ingelitoa.

Huo ni mfano uliokithiri, nakubali. Kwenye gunia halisi punje mbovu huwa ni kadhaa na ukali wake hutofautiana. Mahindi nayo yana nafuu kidogo kuliko karanga kwa sababu punje ni ndogo na ni nyingi zaidi kwa kilo. Lakini tabia ni ile ile. Thomas Whitaker wa North Carolina alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba kosa kubwa kwenye kipimo cha sumukuvu halitoki maabara, linatoka kwenye kuchota. Sisi tunabishana kuhusu vifaa na kemikali za maabara, wakati tatizo lilishaingia kwenye bambo, kile chuma cha kuchomea gunia na kuchotea sampuli.

Na bambo lenyewe! Mtu anachoma gunia pembeni, kwenye kimo cha kiuno, kwa sababu hataki kuinama wala kupanda. Magunia ya chini yaliyogusa sakafu yenye unyevu hayajaguswa. Kwa shehena kubwa za karanga, Ulaya wanachota mara mia moja, kutoka sehemu mbalimbali, mpaka wafikishe kilo 20. Kilo zote hizo zinasagwa ndipo zipunguzwe. Sisi tunapokea kilo moja, na nimeona mahali wakisaga gramu mia tu "kuokoa muda". Usagaji wenyewe ukiwa wa chenga chenga, umerudi kule kule: gramu 25 ninazoweka kwenye chupa hazifanani na gramu 25 zilizobaki.

Kuna mchezo mwingine ambao hausemwi hadharani. Mzigo umefeli. Mwenye mzigo anachota tena, anapeleka maabara nyingine. Umefeli. Anachota tena. Umepita! Anarudi akicheka: "Mnaona? Maabara yenu mbovu." Hapana, ndugu yangu. Mzigo ule ule, kwa jinsi sumu ilivyotawanyika, utapita mara kadhaa na kufeli mara kadhaa. Ukipima mpaka upite, umepima uvumilivu wako. Na maabara zote tatu zinaweza kuwa zimefanya kazi yake sawasawa.

Ndiyo maana nikisaini cheti naandika kwamba matokeo ni ya sampuli iliyopokelewa. Kimaandishi kidogo, chini kabisa. Hakuna anayekisoma.

Halafu kuna hiyo 10 yenyewe. Watu wanaichukulia kana kwamba 9 ni chakula na 11 ni sumu. Ulaya kwa nafaka za kuliwa moja kwa moja wanasema 4, Marekani 20. Mwili wa binadamu ni ule ule. Namba hizi ni makubaliano kati ya afya, uwezo wa kupima na biashara, na zaidi ya hapo zinategemea unakula kiasi gani. Mtu wa kilo 60 anayekula gramu 400 za unga kwa siku, unga wenye ppb 10, unaopita kisheria, anaingiza nanogramu 67 kwa kila kilo ya mwili wake. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilichagua mwaka 2020 nanogramu 400 kwa kilo ya mwili kwa siku kuwa kipimo cha kulinganishia, na ikataka watu wawe chini yake mara elfu kumi. Mtu wetu yuko chini yake mara sita tu. Nikionyesha slaidi hiyo ukumbi unanyamaza, kisha mtu anauliza chai ni saa ngapi.

Je, nasema kiwango kishushwe? Sisemi. Ukikishusha hadi 4 kesho, mahindi mazuri yatakwenda kwa mwenye kulipa na yaliyofeli yatabaki kijijini, yaliwe na aliyeyalima. Sina jibu zuri hapa, na sijamsikia mwenye nalo.

Kwa yule wa bibi wa miaka tisini: kuna sumukuvu ya kukulaza wiki hii na kuna ya kukudai baadaye. Ya kwanza tuliiona Makueni, Kitui na jirani zake mwaka 2004, wagonjwa 317, waliokufa 125, mahindi yamehifadhiwa ndani yakiwa na unyevu. Wakati huo, katika sampuli za mahindi ya sokoni, asilimia 7 zilizidi ppb 1,000. Tukaiona Dodoma na Manyara mwaka 2016, wagonjwa 68, waliokufa 20, macho ya njano, matumbo yamejaa. Ya pili ni saratani ya ini, na hiyo haiji na barua inayosema imetoka kwenye ugali wa mwaka gani. Ini linaigeuza B1 kuwa kitu kinachong'ang'ania DNA. Mwenye virusi vya homa ya ini B yuko kwenye hatari kubwa zaidi mara 30 hivi kwa kiasi kile kile cha sumu. Kwa hiyo chanjo ya homa ya ini B ni kinga ya sumukuvu kuliko vifaa vingi ninavyoombwa kupendekeza.

Udumavu? Mabango yote yanaandika "sumukuvu husababisha udumavu" kama vile kesi imefungwa. Haijafungwa. Watoto wa Benin na Togo waliokuwa na alama nyingi za sumukuvu kwenye damu walikuwa wafupi zaidi, hilo lilipimwa vizuri. Lakini mtoto anayekula uji wa mahindi asubuhi, mchana na jioni ana sumukuvu nyingi, na pia hana yai, hana maziwa, na huenda anaharisha. Kutenganisha hayo ni kazi ngumu. Mimi naelekea kuamini kuna kitu pale, ila nisingekiapia mahakamani.

Wala sihitaji udumavu ili niogope uji wa lishe. Mtoto wa kilo 8 akila gramu 100 za unga wenye ppb 10, anaingiza nanogramu 125 kwa kilo, karibu mara mbili ya yule mtu mzima. Na uji huo una karanga. Karanga zilizosinyaa na kuvunjika, zile zisizouzika nzima, mara nyingi ndizo zinazosagwa. Ukiweka sehemu moja ya karanga kati ya kumi, na karanga hizo zina ppb 200, umeshaongeza 20 kwenye unga mzima hata kama mahindi yako ni masafi. Kama unasindika unga wa lishe na pesa yako ni ya kipimo kimoja tu, pima karanga. Au zinunue nzima, zichambue mwenyewe, ndipo usage.

Yanayofanya kazi yanachosha kuyasikia, nayapitia haraka. Kausha juu ya turubai, si kwenye udongo, mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13.5 kwa mahindi na 7 kwa karanga. Huna mashine? Weka mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, chumvi ikigandia kwenye kioo mahindi bado mabichi. Mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, ni mizuri, lakini haikaushi. Ukitia unyevu umeufungia. Aflasafe, ambayo ni kuvu wasiotoa sumu wanaomwagwa shambani ili wawatangulie wanaotoa, inafanya kazi, mradi imwagwe kwa wakati wake. Na kuchambua: toa zilizooza, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa, zilizosinyaa. Kwa kuwa sumu imejazana kwenye punje chache, kuchambua kunaondoa sehemu kubwa yake. Ile hesabu ya gunia inakufaa hapa. Taa ya zambarau inayouzwa mtandaoni, achana nayo. Kile king'aacho kijani-njano kinatokana na asidi ya kojiki, siyo aflatoksini, na karanga inaweza ising'ae kabisa ikawa imejaa.

Mkitaka nipime kitu chenye maana, choteni wakati mzigo unapakiwa au kupakuliwa, kidogo kidogo kutoka kila gunia mnaloliweza, juu, katikati na chini. Leteni kilo tano na kuendelea. Msichague punje nzuri, najua mnachagua.

Zilizochambuliwa zikatolewa, msiwape kuku. Sumu hii ilijulikana mwaka 1960 kwa sababu bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil. Msizipeleke kwenye pombe pia, kuchachua hakuimalizi. Zifukieni, mbali na kisima.