"Msimguse, tungoje ambulensi" na dhana nyingine zinazotuchosha

Kituo chetu kidogo cha ambulensi kimepata vitu vipya: gari, mashine ya kubonyeza kifua na mikasi ya betri ya kukatia magari yaliyopondeka. Habari ilipoenea, watu walitupongeza, kisha wengi wakamalizia vilevile: sasa mtu akianguka hatumgusi, tunawaachia wenye vifaa. Nimeisikia mpaka basi.

Moyo ukisimama, dakika za kwanza ni za aliye karibu na mgonjwa, si zetu. Ubongo usiopata oksijeni huanza kuharibika baada ya kama dakika 4. Kila dakika inayopita bila kifua kubonyezwa wala moyo kushtuliwa, uwezekano wa kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Sasa piga hesabu gari likichukua dakika 10, na kwa kituo chenye gari moja la zamu, hapo tumewahi. Mashine ikiwa bado iko barabarani, haimfai kitu aliyelala sakafuni kwako.

Hata ikifika, isiwapumbaze. Faida yake kubwa kwetu ni ndani ya gari linalokwenda mbio, ambako mtu hawezi kusimama akabonyeza kifua huku dereva anakata kona. Lakini tafiti mbili kubwa, LINC ya 2014 na PARAMEDIC ya 2015, ziliilinganisha na mikono ya binadamu na hazikuona kwamba inaokoa watu wengi zaidi. Mikono hiyo unayo.

Halafu kuna visingizio. "Lakini bado anapumua." Mara nyingi hapumui. Anakoroma mara moja, kimya kirefu, anakoroma tena, mdomo unafunguka na kufumba kama wa samaki aliyetolewa majini. Hizo ni pumzi za kukata roho. Asiyeitika na asiyepumua kama kawaida, anza kumbonyeza. "Nitamvunja mbavu." Huenda, hasa akiwa mzee, na utausikia mlio chini ya kiganja. Endelea, mbavu huunga. "Je, kama moyo haukusimama?" Atakusukuma mkono au atagutuka, nawe utaacha. Madhara makubwa kwa mtu wa namna hiyo ni nadra.

Mshushe chini kwanza, maana kitandani unabonyeza godoro. Kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka. Kwa mtu mzima, zama sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara uache kifua kirudi juu chenyewe. Pokezaneni kila dakika 2, kwa sababu utachoka kabla hujajijua kwamba umechoka. Mtoto na aliyezama majini wanahitaji kupuliziwa pumzi pia. Kama hujui, bonyeza tu kuliko kukaa. Na ikiwa jengo lina mashine ya kushtua moyo ukutani, ing'oeni mkaitumie. Inaongea, inasoma mapigo yenyewe, na haitamshtua asiyehitaji. Kuiogopa ni kumnyima mgonjwa.

"Mpokea simu anapoteza muda kwa maswali." Kwa kawaida gari huwa limeshaitwa huku bado anauliza. Anachouliza kinatuambia tubebe nini, na yeye ndiye atakayekuhesabia mibonyezo. Ushauri wangu, ambao wenzangu wananicheka kwa kuurudia: weka simu kwenye spika, iweke sakafuni kando ya kichwa cha mgonjwa, usikate. Mwingine afungue geti, afunge mbwa, asimame barabarani na tochi.

"Wamefika, badala ya kukimbia hospitali wanakaa sebuleni." Moyo uliosimama hutibiwa palepale ulipokutwa, kwani kumbeba kwenye ngazi ni kukatiza mibonyezo. Anayevuja damu ndani ya tumbo ni kinyume chake, huyo tunaondoka naye mara moja. Kutugongea mgongoni hakuharakishi lolote.

"Majeruhi avutwe nje ya gari upesi." Kama kuna moto, au maji yanaingia, au hapumui, ndiyo, mtoe. Vinginevyo zima injini, bonyeza panapotiririka damu, mtu mmoja amshikilie kichwa kisicheze, mtusubiri. Mikasi mipya haina mipira ya mafuta wala jenereta ya kukokota, kwa hiyo tunashuka nayo hadi korongoni. Hilo ndilo badiliko ninalolifurahia kuliko yote, kuliko hata gari jipya.

Kijiko kinywani mwa mwenye kifafa: hapana. Wala kidole, wala kitambaa. Hakuna anayemeza ulimi wake, ila meno yanayovunjwa na vijiko tunayaona. Sogeza vitu vigumu, tazama saa, akitulia mlaze ubavu. Ikipita dakika 5 bado anatupwa, piga simu.

Na wale wanaotuita kwa kuamini kwamba anayeshuka kwenye ambulensi anaonwa kwanza: mapokezi hupanga wagonjwa kwa uzito wa hali, hawatazami umekuja na nini. Mwenye kidole kilichoteguka tutamshusha, ataelekezwa kwenye benchi na kukaa pamoja na waliokuja kwa miguu, na muda wote huo gari pekee la zamu lilikuwa limembeba yeye.