Dawa nyekundu ya saratani: maswali ya mama wa Ujiji

Mama mmoja wa Ujiji aliniletea chupa ya maji ameiviringisha kwenye kipande cha kanga. Ndani mlikuwa na mkojo wake, mwekundu kama mawese. Jana yake alikuwa ametoka hospitali ya Bugando, Mwanza, kutundikiwa dripu ya kwanza ya saratani ya titi. Usiku kucha hakulala. Maswali yake nayaandika hapa, maana wengi wanayo na hawaulizi.

Swali: Nesi, hii si damu? Dawa imenikata ndani?

Jibu: Hapana, mama. Dawa uliyotundikiwa, doksorubisini, yenyewe ni nyekundu, na hutoka na mkojo kwa siku moja au mbili. Wekundu ukiendelea baada ya hapo, au ukiona mabonge, njoo haraka.

Swali: Wanasema imetokana na bakteria. Mdudu anatibuje saratani?

Jibu: Ni kweli. Ile harufu ya udongo mvua ya kwanza inaponyesha baada ya kiangazi, wanaoitoa zaidi ni bakteria waitwao Streptomyces. Bakteria hao hutengeneza kemikali zinazoua vijidudu vingine, ndizo huitwa antibayotiki. Streptomaisini, sindano ya TB ambayo wazee wetu wanaikumbuka, ilitoka kwao. Mwaka 1940 huko Marekani, Selman Waksman na Boyd Woodruff walipata kwao aktinomaisini. Ilikuwa na sumu kali mno kwa kutibu maambukizi ya kawaida, lakini baadaye ikawa dawa ya saratani ya figo ya watoto, na inatumika hadi leo. Doksorubisini nayo asili yake ni bakteria wa jamii hiyo, wa udongo wa Italia.

Swali: Sasa inaijuaje seli ya saratani?

Jibu: Haiijui. Hapa naomba unisikilize vizuri, mama. Penisilini hubomoa ukuta wa bakteria, na seli ya binadamu haina ukuta huo, kwa hiyo inasalimika. Doksorubisini ni nyingine kabisa: hujipenyeza katikati ya DNA, zile nyuzi zinazobeba maagizo ya seli, hata seli inapotaka kugawanyika, nyuzi zake hukatika na seli hufa. Saratani hugawanyika bila breki, ndiyo maana inaumia sana. Lakini mizizi ya nywele, ngozi laini ya mdomo na utumbo, na uboho unaotengeneza damu, navyo hugawanyika haraka. Basi nywele hunyonyoka, mdomo hutoka vidonda, na chembe nyeupe za damu hushuka.

Seli zenye afya zikipewa muda hujijenga upya. Zile wiki tatu kati ya dripu na dripu ndizo muda wenyewe. Najua nauli ya Mwanza ni mzigo, na inaniuma kila ninapomwona mgonjwa amekosa tarehe yake kwa sababu hiyo. Hata hivyo, ukichelewa, saratani nayo inapata muda wa kuota tena.

Moyo ni jambo jingine. Misuli yake ikishaumia hairudi kirahisi, na madhara hujumlishwa dripu kwa dripu, hata miaka ikipita. Kwa hiyo dawa hii ina kiwango cha maisha yote ambacho daktari havuki. Kile cheti walichokuandikia dozi, kitunze kama hati ya kiwanja. Ukianza kuhema ukipanda ngazi, au miguu ikivimba, sema mara moja.

Swali: Jirani ananiambia ninunue vidonge vya rangi mbili dukani, si navyo ni antibayotiki?

Jibu: Usinunue. Jina ni moja, kazi ni tofauti. Vile ni vya kuua bakteria, na uvimbe wa titi si bakteria. Nimeona wanawake waliovimeza miezi kadhaa, wakafika hospitali uvimbe umeshapasuka.

Swali: Nikipata homa je?

Jibu: Ikifika nyuzi 38, usimeze panado ukalala. Chembe nyeupe zikiwa chini, maambukizi madogo yanaweza kuua kwa siku moja. Nenda hospitali ya Maweni, hapa Kigoma, usiku huohuo, hata kama ni saa nane, na neno la kwanza mapokezi liwe hili: "Niko kwenye dawa za saratani."