Ripoti za mazingira na tafsiri: tunayoaminishwa huku Kigoma

"Si anajua Kiingereza, mpe atafsiri." Hii ndo naisikia kila siku ripoti ya mazingira ikitakiwa kutafsiriwa, na ndo inayoleta majanga. Chukua dagaa tu, samaki ambae hata mtoto wa Kibirizi hapa Kigoma anamjua. Dagaa mkuu wa Ziwa Tanganyika ni Stolothrissa tanganicae, ana undugu na sadini wa baharini, ila wa kule Ziwa Viktoria ni Rastrineobola argentea, hata familia sio moja, halafu ukivuka maji Burundi wanamwita ndagala, Zambia kapenta. Sasa mtu anaingia mtandaoni anachukua jina la kisayansi la kwanza aliloliona, anabandika, unapata ripoti ya Kigoma inayojadili samaki wa Mwanza. Na mteja anaisaini kabisa.

Wengine wanasema namba hazitafsiriwi, unakopi tu unasonga. Hapa ndo watu wanapigwa kimyakimya! Ziwa letu lina nchi nne, zilisaini mkataba wa kulitunza Dar mwaka 2003, na makaratasi ya Burundi na Kongo mengi yanakuja kwa Kifaransa. Kwa Kifaransa mkato ndo unaotenga desimali, yaani 1,500 yao ni moja na nusu, sisi tunasoma elfu moja mia tano. Weka hiyo kwenye jedwali la kemikali za maji uone, umekosea mara elfu na hakuna neno hata moja lililotafsiriwa vibaya.

Eti Kiswahili ni cha kuwafurahisha wanakijiji tu? Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za 2005 zinataka muhtasari usio wa kitaalamu kwa Kiswahili na Kiingereza. Ni takwa, sio hisani. Mvuvi akiusoma asielewe mradi utagusa mwalo wake, pale anaposhushia samaki, au la, huo muhtasari haujafanya kazi yake hata kama kurasa zimetimia.

Mashine za kutafsiri je? Inasaidia, tunaitumia, tusidanganyane. Ila haijui unaongelea ziwa gani usipoiambia, na haiogopi kukosea.

Halafu hili la "kurasa 80, nataka kesho asubuhi". Mtafsiri makini anaenda maneno 2,000 hivi kwa siku, bado wa pili ahakiki, ikiwezekana mtu wa uvuvi au misitu. Na majedwali leteni kwenye Excel jamani, sio picha za WhatsApp.